Dua Iliyofukuza Mvua ya Kericho

— Elfu kumi na nne, Mama Kui! Elfu kumi na nne nimelipia gari, na wewe umenifukuzia mvua!

— Sikufukuza. Niliomba. Na ni wewe ulisema niombe.

Waithaka, ambaye kijiwe kizima kinamwita Flashi, alikuwa amesimama mbele ya benchi lake mwenyewe kwa kukosa nafasi ya kuketi. Alilinunua alipofungua kibanda cha picha za pasipoti pale Adams Arcade, Nairobi, ili wateja wasubiri wakiwa wamekaa. Wateja hawakulionja. Lilikaliwa na Njuguna, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kushinda kesi ya mbuzi, na Jackton, aitwaye Profesa bila sababu yoyote. Pembeni, Mama Kui na birika lake la kahawa chungu. Hao wanne ndio kamati ya safari. Kulikuwa na shindano la picha za hali mbaya ya hewa, zawadi laki mbili, linafungwa Ijumaa adhuhuri; na Waithaka, aliyejifunza kamera kwa kuharibu sura za watu, alikuwa ameapa kwenda Kericho kuiwinda mvua ya mawe. Gari liondoke Alhamisi alfajiri. Sasa ni Jumatano, na shemeji wa Jackton amepiga simu kutoka huko: jua siku ya tatu, watu wanaanika mahindi barabarani.

— Mkutano hufunguliwa kwa maombi, hata ule wetu wa Jumapili, alisema Mama Kui. Sisi si ng'ombe.

— Uliomba nini? Rudia, watu wasikie.

— Niliomba safari njema. Mungu azuie mvua, radi na upepo, kutoka Dagoretti mpaka Kericho.

— Mpaka Kericho! Si ungeishia Nakuru?

Njuguna akaweka kikombe chini.

— Swali la kisheria. Nani alisema amina?

— Flashi, alisema Jackton. Tena kwa sauti. Mimi nilikuwa na mandazi mdomoni.

— Basi ulitia sahihi dhidi yako, Flashi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Mwana gani? Amina ni adabu tu! Nikisema amina matangani, nimekubali kufa?

— Dua haifutwi, alisema Njuguna. Inakatiwa rufaa, na lazima kamati yote ipige magoti. Na goti langu, daktari wa Upper Hill amenikataza kulipiga.

— Achana na rufaa, alisema Jackton. Mvua haiombwi, inachokozwa. Ukitaka mvua hapa Nairobi unafanya nini? Unaosha gari. Basi tukifika Kericho tunaosha gari, tunaanika magodoro juu ya majani chai. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

— Magodoro ya nani?

— Yako. Si wewe uko na shida ya mvua?

— Godoro linaleta manyunyu, alisema Njuguna. Mvua ya mawe inataka harusi. Harusi ya nje, bila hema, keki ya ghorofa tano, bibi harusi ametengeneza nywele masaa sita. Hapo mawe yatakuja kama ngumi.

— Na bibi harusi ni nani?

Wanaume watatu wakageuza macho, polepole.

— Nitawamwagia hii kahawa, alisema Mama Kui. Mimi niliolewa mara moja, ikanyesha tangu asubuhi, na hakuna mtu alinipiga picha.

— Basi tuchapishe kadi za harusi tu, alisema Jackton. Mawingu husoma tarehe, hayasomi majina.

Waithaka alisikia kichwa kikichemka. Yeye ni mtu wa biashara nyoofu: picha nne ni picha nne.

— Mama Kui, mteja akifumba macho, mimi narudia bure. Nilikupa sadaka ya mia mbili. Kazi imetoka mbovu. Rudia.

— Mbovu? Angalia hiyo jua! Miaka kumi na moja naombea ploti ya Mutuini, kimya. Hii moja imejibiwa kwa siku moja. Sasa niende nimwambie Mungu pole, tulitaka kinyume?

Hapo akaja Alkarim, mwenye gari, funguo zikimning'inia kidoleni. Alikuwa amesikia yote tangu upande wa pili wa barabara; nani hakusikia?

— Gari iko tayari, mafuta juu yenu. Lakini nauliza kitu moja tu. Hiyo mvua ya mawe mkiipata, nani anashuka kupiga picha?

Njuguna akalitazama goti lake. Jackton akasema yeye ni wa mipango. Mama Kui akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Kisha wote wakamtazama Waithaka.

Waithaka alikuwa amewaza gari, lenzi, hata koti la kupokelea zawadi. Mlango wa gari hakuuwaza. Sasa aliuona ukifunguka, na mawe makubwa kama mayai yakimtafuta kipara. Na jua lile lililokuwa likimpasha kisogo, aseme kweli, lilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

— Hiyo si swali ya leo, alimwambia Alkarim.

Akamgeukia Mama Kui, akamnyooshea kiganja kama mtu anayedai chenji.

— Mimi sitaki hadithi, mama. Leta mvua yangu.