Bi Kipimo, Mpima Maziwa Aliyekataa Kutia Saini

Ndugu, majirani na wageni wote mliofika kumsindikiza marehemu, familia inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na binti yake wa pili. Wazee wa familia walimwomba ausome kwa upole, naye ameahidi kujaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na josho la shamba kubwa la maziwa. Baba yake alikuwa mkamuaji wa shamba hilo na mama yake aliosha makopo. Alijua kukamua kabla hajajua kusoma. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa na miaka minne alikutwa amelala ndani ya hori, ndama anamlamba kichwa, na kwamba ndiyo maana nywele zake za utosini hazikukubali kulala hadi uzeeni. Wanawe hawakuiamini hadithi hiyo, lakini nywele waliziona.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966, akitembea kilomita tano kwenda na tano kurudi. Hesabu alizipenda. Kuimba kulimshinda, na waliowahi kusimama karibu naye penye nyimbo ni mashahidi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, na mwaka uliofuata akaenda chuo cha mifugo kwa mafunzo ya miezi tisa ya kupima maziwa. Darasani walikuwa ishirini na mmoja, wanawake wawili. Mwalimu mmoja alimwambia kazi ile hataiweza, kwa sababu wanaume hawatakubali kurudishiwa maziwa na msichana. Alimaliza wa pili, na mwalimu yule yule alimkabidhi cheti huku akitazama pembeni.

Tarehe 2 Februari 1978 aliajiriwa na ushirika wa wafugaji kwenye kituo cha kukusanyia maziwa: chumba kimoja cha saruji, beseni mbili, na dirisha pana la kupokelea makopo. Kila asubuhi alinusa, akatumbukiza laktomita kuona kama yametiwa maji, akachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yanaganda. Yenye maji yalirudi. Yaliyoganda yalirudi. Hakuwa na simile. Alimrudisha mwenyekiti wa ushirika, alimrudisha kaka yake wa tumbo moja mbele ya foleni nzima, na hapo ndipo alipopachikwa jina la Bi Kipimo. Alikaa dirishani pale miaka thelathini na mitano, mpaka alipostaafu Februari 2013.

Mume wake alimpata dirishani hapo hapo. Mwaka 1980 kijana mmoja fundi seremala alileta maziwa siku tatu mfululizo, na siku tatu zote yakaganda kwenye kikombe. Siku ya nne alikuja mikono mitupu.

"Leo sina maziwa," alisema. "Nimekuja nikataliwe mwenyewe, nijue moja."

"Ng'ombe wako ana kiwele kibovu," marehemu alimjibu. "Nitakuja jioni nimwone. Wewe nitakuona baadaye."

Alikwenda, akamkanda ng'ombe kiwele kwa maji moto jioni tisa mfululizo, na maziwa yakapona. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981. Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyuma ya karakana walijenga banda la ng'ombe ambalo fundi alilinganisha mbao zake kwa uangalifu kuliko za kitanda chao.

Sasa binti anafika mahali ambapo wazee walimwomba apite haraka. Hatapita haraka.

Mwaka 2017 ulikuja mradi. Wataalamu waliwaeleza wafugaji kwamba ng'ombe anapocheua hutoa gesi inayochangia kuipasha dunia joto, na samadi iliyorundikwa ikiwa majimaji hutoa gesi hiyo hiyo. Wengi walicheka ukumbini. Marehemu hakucheka. Alikuwa ameona mvua zikihama miezi, na majani yakikauka wakati ambao zamani yalikuwa yakifika kiunoni. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Kama ng'ombe wangu wamo katika hili, basi na mimi nimo." Mtu asije akasema leo kwamba alikuwa mpinzani wa mradi. Hakuna aliyeubeba kama yeye.

Alikuwa na ng'ombe watano waliomtolea lita ishirini na mbili kwa siku wote kwa pamoja. Alibakisha wawili. Aliwakatia majani ya tembo yakiwa bado machanga, akachanganya na majani ya mikunde, akawawekea maji ya kutosha mchana kutwa, akasindika malisho ya kiangazi kwenye shimo alilolifunika kwa nailoni. Baada ya miezi kumi na minne, wale wawili walitoa lita ishirini na saba. Maziwa yaliongezeka na wacheuaji wakapungua, na hilo alilifanya mwanamke mstaafu kwa panga na toroli. Bwana wa mradi alipokuja kuhesabu, aliandika kwamba ng'ombe watatu wamepunguzwa.

"Andika wawili," marehemu alimwambia. "Hao walikwenda machinjioni. Yule wa tatu nilimuuzia shemeji. Yuko pale ng'ambo ya ua, anakutazama, na anacheua."

Bwana yule alicheka, akaiacha tatu kama ilivyo. Kwake lilikuwa jambo dogo. Kwa mtu aliyepima maziwa miaka thelathini na mitano halikuwa dogo, na tangu siku hiyo alianza kuwatazama kwa jicho la pili.

Mwaka 2018 walimjengea mtambo wa bayogesi ili samadi itoe moto wa kupikia. Siku ya uzinduzi mtambo ulikuwa bado haujatoa gesi, kwa hiyo waliunganisha jiko na mtungi wa dukani, wakauficha nyuma ya mlango, wakampiga picha akitabasamu mbele ya moto wa buluu. Walimvika kilemba cha ukoka, wakamwita mfugaji wa mfano. Gesi yenyewe ilikuja wiki sita baadaye, na kwa miaka miwili alipikia humo kweli.

Mwaka 2020 kuba la mtambo lilipasuka. Alikoroga sabuni, akapaka kwenye ufa, na mapovu yakafura mbele ya macho yake. Alipiga simu. Aliandika barua. Alikwenda ofisini kwao mara sita, akaketi kwenye benchi la korido akiwa na mkoba mapajani, akaambiwa fundi yuko njiani. Mara ya sita alimweleza bwana wa mradi jambo ambalo mtaalamu hakupaswa kuelezwa na mtu yeyote.

"Gesi inayovuja pale ni ile ile wanayocheua ng'ombe," alisema. "Zamani samadi niliianika juani ikakauka. Sasa tunaiozesha, tunakusanya gesi, halafu tunaiachia. Tunaharibu kuliko mwanzo, mwanangu."

"Mama, kwenye ripoti mtambo wako unafanya kazi," alijibiwa. "Ukishaandikwa unafanya kazi, unafanya kazi."

Walivaa miwani ya mbao. Na kila mwaka walimletea fomu athibitishe kwamba mtambo ni mzima, kwa kuwa bila saini yake gesi waliyodai kuizuia isingehesabiwa kwa wafadhili wao. Aliwarudishia fomu mwaka 2021, mwaka 2022 na mwaka 2023. Alisema saini yake ilikuwa kwenye kila kopo lililopita dirishani pale, na hajawahi kuitia kwenye kopo lenye maji.

Hapo wakamgeuzia kibao. Mwezi Aprili mwaka huu wa 2024 ushirika, ambao nao umo mradini, ulitangaza kwamba kituo hakitapokea tena maziwa ya shamba lisilo na cheti cha mradi. Mashamba yote yalikuwa na cheti isipokuwa moja. Asubuhi ya kwanza marehemu alisimama kwenye foleni na kopo lake kama mtu mwingine yeyote. Mpimaji aliyekuwa dirishani ni mwanamke aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe. Alinusa, akapima, akatia spiriti. Maziwa yalikuwa safi. Kisha akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo mama. Nimekatazwa."

Marehemu hakumlaumu yule mwanamke, na familia haimlaumu. Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi kwa wiki saba. Alitaka kila siku yapimwe, na kila siku wayakatae wakiwa wameyaona kuwa mazuri. Watoto walimsihi asaini, yaishe. Binti huyu anayesoma alimsihi kuliko wote, na anaomba radhi mbele yenu. Mama alimjibu tu, "Niwekee maji ya kuoshea kopo."

Shinikizo la damu alikuwa nalo tangu 2015, na dawa alikuwa akimeza kila siku. Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa mbili na robo asubuhi, alianguka njiani akitoka kituoni na kopo lililojaa. Alilazwa siku sita. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Daktari aliandika kiharusi. Familia haina elimu ya kubishana na daktari, lakini ina hasira, na hasira hiyo haitafichwa leo ili wageni wakae raha.

Maana juzi, viti vya msiba vikiwa bado vinapangwa, wajumbe wa mradi walileta shada la maua na fomu. Walisema mrithi anaweza kusaini kwa niaba ya marehemu, na maziwa yatapokelewa kuanzia kesho. Waliileta kwa macho makavu, kwa mzee ambaye alikuwa akiupiga randa ubao wa jeneza la mke wake. Mzee aliisoma yote, akaikunja, akawarudishia. Ufa uko pale, umbali wa hatua arobaini kutoka hapa tulipo. Sabuni ipo. Anayetaka saini akazibe kwanza.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, na ng'ombe wawili ambao leo asubuhi wametoa lita ishirini na sita za maziwa yasiyo na pa kupelekwa. Tumeyapima, tumeyachemsha, yako chini ya turubai lile. Kila aliyekuja atakunywa kikombe, na tunawaomba mabwana wa mradi na viongozi wa ushirika, ambao tunawaona wameketi safu ya mbele, waanze wao. Mwenye kasoro ya kuitaja katika maziwa haya aitaje sasa, mbele ya marehemu, kabla hatujamfukia. Akikosekana, basi mama apumzike kwa amani.