Bawaba Sitini na Tisa za Mzee Tikisa

Leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Abdulhadi Marijani anastaafu baada ya kuitumikia Pwani Njema Kago kwa miaka ishirini na moja na miezi saba. Aliajiriwa tarehe mosi Aprili 2004, na kwa kuwa ile ni siku ya wajinga, alirudi kesho yake kuhakikisha kwamba hawakumtania. Ndivyo alivyo mpaka leo. Haamini kitu asichokikagua mara mbili.

Kwao Tanga alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Alipofika Guangzhou, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja hapa Sanyuanli, chenye mzani mmoja na birika moja la chai. Alianza kwa kufunga mizigo, na baada ya miaka miwili akawa mkaguzi wa bidhaa. Mzigo wa mteja hauendi Baiyun kupanda ndege mpaka upite mikononi mwake.

Wateja wote wanaijua namna yake ya kukagua. Hunyanyua kitu, hukiweka karibu na sikio, hukitikisa. Kikikaa kimya hubandikwa stika ya kijani. Kikicheza hubandikwa nyekundu na kurudi kiwandani. Ndiyo maana tukamwita Mzee Tikisa, na wenye maduka wa Huanshi Zhonglu wakimwona anakuja huanza kukaza skrubu kabla hajasalimia. Amezuia pasi, feni na vitanda vya watoto visivyohesabika, na watu wengi nyumbani wamelala salama bila kujua ni kwa sababu yake. Ni kweli pia kwamba mwaka 2016 alirudisha katoni nzima ya manyanga ya watoto wachanga, eti yanalia ndani. Ilipofika saa ya chakula aligundua mwenyewe, akaomba tusimwambie mtu. Samahani, Mzee.

Mimi nimekaa meza inayotazamana na yake miaka kumi na moja, na sina budi kueleza mkasa wa Septemba, maana mwenyewe amesema wasifu usio na mkasa huo atauwekea stika nyekundu.

Mwalimu Judica, anayefundisha ufundi wa ndege katika chuo kimoja nyumbani, aliagiza vielelezo ishirini na vinne vya otojairo, ile ndege ndogo ya zamani ambayo injini huisukuma mbele tu, na mapanga ya juu huzungushwa na upepo. Alitaka kuanzisha somo la namna Waingereza walivyotoka kwenye otojairo wakafika kwenye helikopta. Kamati ya chuo ilimpa siku moja, tarehe 29 Septemba, aonyeshe somo lake. Vielelezo vikiruka, darasa litafunguliwa. Visiporuka, basi.

Mzigo ulipokuja kutoka kiwandani kwa Bwana Chen, Mzee alinyanyua kimoja, akakitikisa. Mapanga matatu yakapanda na kushuka yote. Bwana Chen, ambaye Kiswahili chake amejifunza kwa wateja, alimwambia, “Rafiki, mchoro ndiyo hivyo hivyo.” Mzee akajibu, “Bu yao, laoban! Sitaki, bosi. Kinachocheza hakipandi ndege.” Stika nyekundu ishirini na nne. Chen akaenda kuzijaza bawaba zote za mapanga gundi.

Viliporudi vilikuwa kimya kama msikiti wakati wa hotuba. Mzee akafurahi, akachukua kimoja kwenda kukijaribu uwanjani nyuma ya jengo, akikivuta kwa kamba mfano wa tiara. Mtu wa miaka sitini akitimua mbio na kanzu ya Ijumaa, walinzi walitoa simu wamrekodi. Otojairo ikapaa kimo cha mtu, ikalala upande, ikajibwaga chini, ikavunjika. Ya pili ikalala upande uleule, ila haikuvunjika.

Hapo ndipo alipokumbuka kijitabu cha Mwalimu, alichokituma pamoja na mchoro, kilichokuwa ndani ya katoni tangu mwanzo. Hakuwa amekifungua, kwa sababu mkono wake haukuwahi kuhitaji kijitabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulimsifu sana. Kilieleza kwamba mvumbuzi wa otojairo, Mhispania, alisumbuka na mashine zilizoanguka ubavu, kwa sababu panga linaloelekea mbele hunyanyua zaidi ya lile linalorudi nyuma. Dawa yake ilikuwa kulitia kila panga bawaba, lipande na kushuka litakavyo. Oktoba 1925 aliipeleka mashine yake Farnborough, Uingereza. Waingereza wakaikubali, wakaja kuziunda Manchester, na mafunzo yake yakasaidia helikopta iliyopaa Uskoti mwaka 1938 na ile ya Bristol mwaka 1947. Mstari wa mwisho ulisema: bawaba zisikazwe.

Mzee alikisoma mara mbili. Kisha akachukua stika nyekundu akaibandika kwenye meza yake mwenyewe, akaenda kwa Chen. “Laoban, kosa langu. Wewe ulisema kweli.” Nilikuwepo. Sijawahi kumheshimu kama siku ile.

Kwa siku nne alikaa karakanani kwa Chen na kisu chembamba na kikausha nywele, akilainisha gundi na kuikwangua, bawaba moja baada ya nyingine, sitini na tisa. Chen akaunda kielelezo kimoja kipya badala ya kilichovunjika. Mzigo ukaondoka Baiyun tarehe 19, na kwa siku kumi Mzee hakumaliza sahani ya biriani.

Tarehe 29 jioni ikaingia sauti ya Mwalimu Judica kwenye simu, nyuma yake watu wakipiga makofi: “Baba, zimeruka zote! Darasa linafunguliwa Januari!” Mzee aliisikiliza mara mbili, kama kawaida yake, akalia waziwazi, nasi tukalia.

Kile kilichovunjika tulikiunganisha, na ndiyo zawadi yake. Juzi alikitikisa sikioni. Mapanga yakacheza. Akatafuta mfukoni, akakibandika stika ya kijani.

Lakini ile nyekundu bado iko mezani pake. Kila tukimwambia aibandue, anajibu kwamba mkaguzi hajipitishi mwenyewe. Sawa, Mzee. Kazi hiyo ni yetu. Leo saa nane, baada ya swala na chakula, wafanyakazi wote tutaibandua na kuweka ya kijani mahali pake.

Asante kwa kila ulichokizuia na kila ulichokipitisha. Mkeo, Bi Dalila, anakusubiri Tanga, nasi tunakuombea afya, usingizi mwema na siku nyingi za raha kando yake. Umekaguliwa, umepita. Na ukisema bu yao, leo hatukusikilizi.

Kauthar, kwa niaba ya wenzako wote