Namba Kumi na Nne ya Papa Tshibangu

Kwaruu, kwaruu. Ndivyo siku ilivyoanza kwa Papa Gaston Tshibangu, hapa Kamina, kabla ya jua. Alikuwa anakwangua majivu ya jiko la mbabula na kuwasha makaa, ili mke wake, Mama Valérie, alale kidogo tena.

Wasikilizaji wapendwa, Papa Tshibangu ametuacha. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alifanya kazi ya simu kwenye reli. Alipostaafu akafungua fonie, ile redio ya kuita watu wa mbali. Internet ilipofika, watu walimcheka. Yeye akaendelea kupangusa mashine yake.

Kisha ikaja ile wiki serikali ilipoamuru internet ikatwe. Asubuhi moja watu wakajaa mlangoni pake. Kila mmoja alipewa namba kwa jinsi alivyofika. Mfanyabiashara mmoja alitaka kupita mbele. Akapewa kumi na tatu.

"Tshibangu," akasema, "weye, hata Yesu akirudia utamupa namba!"

"Akifika wa kwanza, ataingia wa kwanza."

Watu wakacheka. Mara akafika mtu wa baiskeli na habari: Mujinga, binti wa Papa, yuko katika uchungu wa uzazi kule Kabondo-Dianda, siku ya pili sasa. Mashine ilikuwa yake. Hata hivyo akajiandikia namba iliyofuata: kumi na nne.

Namba tatu alikuwa Mama Mbelu, muuza sombe, majani ya muhogo.

"Papa, pita!"

"Minyi niko kumi na ine. Nitapita juu ya nani?"

"Juu ya minyi. Twaa tatu yangu, ulete kumi na ine yako. Hapo hakuna mwenye kuibiwa."

Wakabadilishana. Muuguzi wa Kabondo-Dianda akajibu kwenye fonie: lazima apasuliwe, lakini wakwe wanangoja neno la baba.

"Mumupasue! Sasa hivi!"

Mjukuu wake, Cathy, akazaliwa kabla ya saa sita mchana, mzima.

Lakini siku hiyo mawingu yalifunika jua. Betri ya sola ya fonie ikaisha baada ya namba kumi na tatu. Mama Mbelu, namba kumi na nne, akarudi nyumbani. Kesho yake ndipo alipoambiwa: dada yake mgonjwa, Musau, alibebwa hadi fonie ya Malemba-Nkulu, akangoja sauti ya Mama Mbelu mchana kutwa. Alfajiri akafariki.

Papa alikwenda kumwomba radhi. Mama Mbelu aliuliza neno moja tu: "Mutoto iko muzima?"

Tangu hapo, kila Jumapili, siku ya Mungu, baada ya ibada, Papa alikwenda kukaa naye. 

Wasikilizaji wapendwa, leo wakubwa wanajadili sheria za internet: nani apite haraka, nani acheleweshwe, nani akatiwe. Tufikiri polepole. Namba za Papa zilikuwa za haki. Lakini njia ilibaki moja tu, na mtu mmoja akabaki nje. Kila ujumbe una mtu anayengoja upande wa pili.

Kwa Mama Valérie, kwa Mujinga, kwa ukoo wote, poleni sana. Mungu awafute machozi.

Jumapili hii, Mujinga na Cathy walikwenda kwa Mama Mbelu badala ya Papa. Wakakaa. Walipoinuka, Mama Mbelu akashika mkono wa Cathy, hakuuachia.

"Siku ya Mungu ingine," akasema, "mutarudia?"