Matanga Niliyoyapikia Mwenyewe

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Hashimu. Mganga Mfawidhi na wafanyakazi wenzangu wa zahanati. Masheikh wetu na Baba Paroko. Wazee wangu wa Msimbati. Akina mama, wenye watoto niliowapokea na wenye watoto walioko njiani. Watani zangu, ambao itifaki haiwajui lakini mngenuna nisingewataja. Na wewe Mama yangu, Mama Halima, uliyekaa safu ya tatu na kanga usoni: nawasalimu nyote. Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi Odete, mkunga wenu wa miaka kumi na mitatu, keshokutwa navuka Ruvuma kwenda Palma, na siendi kutembea. Nahamia. Mama yangu mkubwa, Carlota, dada wa marehemu mama yangu mzazi, amebaki peke yake na macho hayaoni tena, na kwetu sisi Wamakua mtoto wa dada ndiye mtoto.

Nilipolitangaza jambo hili mwezi wa kumi, kila mtu alinipokea kwa namna yake. Mwalimu Kasiani aliniuliza, kwa uzito wote wa mwalimu, huko wanakosema Kireno nitamwambia mzazi "sukuma" kwa lugha gani. Nilimjibu kwamba mwanamke akifikia hatua hiyo hasikilizi lugha yoyote, hata ya mwalimu. Sudi, ndugu yangu wa kunyonya titi moja, alitaka kujua tu mikorosho yangu minane nani ataiokotea, na kesho yake nikamkuta ameshafyeka chini yake. Dada Asia, ambaye wanawe wanne wote nimewapokea kwa mikono hii, alinishika mkono sokoni akaniuliza polepole, "Tumekukosea nini?" Hilo liliniuma, ndugu zangu. Nakujibu mbele ya watu, Asia: hamjanikosea. Mngenikosea ningeondoka zamani, tena kwa urahisi.

Na hawa watani zangu Wamakonde? Walikuja Jumamosi asubuhi, Salumu mbele, wakatandika mikeka uwanjani kwangu wakaniwekea matanga. Salumu amevaa gauni langu la kazini, analia kwa sauti kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa chumvi, na mimi marehemu niko jikoni nawasongea ugali. Sasa nani akapita barabarani? Mwenyekiti wetu, anarudi kutoka Mikindani, hajui hili wala lile. Akasikia kilio, akashuka baiskeli, akawapa watu pole, akaanza kupanga nani wachimbe kaburi. Nilipotokea na sufuria, nusura tupate msiba wa kweli.

Unisamehe Mzee kwa kulirudia. Lakini nataka wote wajue kwamba kabla hujaniona ulisimama ukasema, "Huyu alikuwa mtoto wetu." Hukusema mgeni wetu, wala mkimbizi wetu. Nilikusikia nikiwa na mwiko mkononi, na ugali ukaungua kidogo, watani ni mashahidi, maana hawakukosa la kusema. Ni wangapi duniani hujaliwa kusikia wanavyosemwa msibani kwao? Mimi nimejaliwa, na nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza.

Mtu mmoja tu hakucheka wala hakulia. Mwaka sitini na sita wazazi wangu walivuka mto wakikimbia vita. Mama yangu alifariki siku tatu baada ya kunizaa, na Mama Halima, aliyekuwa akimnyonyesha Sudi, akaniweka titi la pili. Mama huyo, tangu nimwambie naondoka, hakusema nami tena. Alisema na kuku. "Kuku, mwambie mwenzio uji unapoa." Wiki sita nzima habari za nyumbani naletewa na kuku. Nyinyi mlicheka, na mimi nilicheka nanyi, lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Mtu atavukaje mto bila radhi ya aliyemnyonyesha? Karatasi hii niliyoishika ina hotuba nyingine upande wa nyuma. Nilikuwa nimeshaamua, na sikumwambia yeyote, kwamba leo nitasimama hapa niwaambie siendi.

Leo asubuhi nimefungua mlango, nikamkuta Mama barazani na mzigo wa vipando vya mhogo, amevikata shambani kwake, amevifunga kwa kanga iliyolowa maji. Nyumbani kwetu kila binti aliyeolewa aliondoka na vipando kutoka mkononi mwake, na ambaye hakupewa alijua hajaruhusiwa. Akavitua miguuni pangu. Kuku alikuwapo, hakumtazama. Akaniambia mimi, "Uvipande karibu na jiko. Nikija nataka nikute kisamvu."

Ndiyo maana nawasomea upande huu wa karatasi.

Mheshimiwa Diwani, viongozi wangu, ndugu na watani: kwa masikio yenu leo, na kwa malezi yenu ya miaka thelathini na saba, asanteni sana. Na wewe Mama, nitavipanda karibu na jiko. Njoo mvua zikikatika. Kuku umwache kwa Sudi. Sasa tunaongea wenyewe.