Tochi, Ngazi na Kofia Ngumu: Mama Sekela na Filamu Nyeusi

Ijumaa ya tarehe 25 Julai 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi Tupokigwe Mwaipyana alirudisha ufunguo wa chumba cha swichi na kuhitimisha miaka thelathini na saba ya utumishi katika kiwanda chetu cha sabuni hapa Chang'ombe. Aliajiriwa Julai 1988 akiwa fundi umeme msaidizi, mwanamke wa kwanza katika karakana ile, na ameondoka akiwa fundi mkuu. Wengi wetu tunamwita Mama Sekela, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mhariri wa jarida letu amenipa mie nafasi hii kwa kuwa nimekaa naye meza moja ya chai tangu 1999, na kwa kuwa anajua ningenyimwa ningeandika ukutani.

Kazi kwanza, maana yeye mwenyewe angeninunia. Alisuka upya nyaya za mtambo wa kukatia sabuni mwaka 2004, akafundisha mafundi kumi na mmoja ambao sasa wametapakaa hadi Bunju na Kigamboni. Utaratibu wake ni mmoja. Mashine ikikwama anazima swichi, anatundika kibao chekundu, anatia ufunguo mfukoni, kisha anamwambia fundi mitambo maneno mawili: "Weka mkono." Na fundi anaweka. Mzee Hashil wa mitambo alipoteza ncha za vidole viwili mwaka 1991, baada ya fundi mwingine kumhakikishia kwamba umeme umezimwa. Tangu siku hiyo haamini neno la mtu. Hukagua swichi mwenyewe, mara mbili, hata akicheleweshwa chakula. Kwa Mama Sekela peke yake ndipo hakagui.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wake. Mwaka 1993 maktaba moja ya mjini ilifungwa ikagawa vitu vyake, na sie tukaangukiwa na projekta bovu pamoja na makopo ya filamu za Kimarekani za miaka ya arobaini na hamsini. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Mama Sekela alilifumua lile projekta juu ya meza ya karakana, akalisafisha, akalifunga mkanda wa cherehani, likanguruma. Tangu hapo, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, madirisha ya ukumbi wa ustawi yalizibwa kwa maboksi ya sabuni, mashuka mawili yakaunganishwa ukutani, na yeye akasimama nyuma yetu akitafsiri kila neno kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Tukuyu. Tulimtania kwamba ni fundi umeme pekee Temeke nzima anayependa giza.

Wafaransa ndio waliozibatiza filamu hizo film noir, yaani filamu nyeusi, baada ya Vita Kuu ya Pili. Tulipodhani weusi wenyewe ni ule wa picha kukosa rangi, alitukatalia katakata. Alisema tutazame kwanza taa iko wapi. Filamu nyingine zinawasha taa kila kona kama duka la vyombo. Hizi zinaweka taa moja, chini au pembeni, na kilichobaki unaachiwa ukitafute mwenyewe. Wengi waliofundisha ule mwanga, alitueleza, ni watu waliokimbia Ulaya, na aliyewahi kukimbia anakijua kivuli cha mtu mlangoni. Hata mvua alitusomesha. Kwao Tukuyu, alisema, mvua inanyesha tu. Ya kwenye filamu imeajiriwa, kazi yake ni kuilowesha lami ili taa moja ionekane mbili.

Lakini weusi wenyewe, kwa Mama Sekela, ulikuwa moyoni mwa mtu. Mtu wa kawaida, mwenye kazi yake na kofia yake, anafanya kosa moja dogo huku anaona. Mwanamke aliyemvuta tulimwita mbaya, naye akatugombeza: yule hana ubaya kuwashinda wanaume wa mle ndani, ila yeye hajifichi. Halafu kuna ile sauti, mhusika akisimulia yake kutokea mwisho, unajua tangu dakika ya kwanza kwamba keshapotea na bado umekaa unamwombea aponyoke. Si lazima afe, alikuwa akisema. Inatosha ajue alichofanya.

Mie niliyekulia kwenye filamu za nyimbo na mateke, siku ya kwanza niliingia ukumbini kwa ajili ya karanga. Mtu akaingia chumbani, hatumwoni, tunaona moto wa sigara tu. Akasogea dirishani, mwanga wa shata, zile mbao za dirisha, ukamkata vipandevipande kuanzia kofia hadi kiunoni. Karanga nilizikuta mkononi filamu ilipokwisha.

Makopo yalikuwa yamebanduka lebo, kwa hiyo majina tuliyatunga wenyewe. Mzee Hashil alikuwa na yake, Mwenye Saa, ya fundi saa anayeletewa saa ya marehemu aliyemfahamu. Mie yangu ilikuwa Lifti, ambayo karibu yote inachezwa ndani ya lifti moja na usichoke. Ila kiwanda kizima, ukiuliza, kilikuwa na moja: Karani wa Stesheni. Karani wa tiketi anatoa ushahidi wa uongo kwa ajili ya mwanamke, na mtu asiye na hatia anahukumiwa kunyongwa. Mwanamke anamngoja ndani ya treni. Karani amesimama nje na tiketi mbili mkononi. Mwishoni anageuka, anarudi mahakamani, tunamwona kivuli tu akipanda ngazi ndefu, na mlangoni anavua kofia. Tuliitazama kila mwaka. Mzee Hashil aliapa kwamba aliliona chozi la karani likianguka. Mie nilimwona hakimu, mwenye miwani.

Mwezi huu Wilbert wa kompyuta, akitaka kumfurahisha, aliitafuta filamu hiyo mtandaoni kwa kisa chake hadi akaipata, nzima, safi kama imetoka jana. Akatangaza kwamba Alhamisi ya mwisho tutaitazama kwenye skrini kubwa. Kila mtu alipiga makofi isipokuwa mwenye sherehe. Jumatatu alinivuta pembeni ya chumba cha swichi akaniambia kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu kwa miaka thelathini na mbili.

Kopo la mwisho la Karani wa Stesheni halikuwahi kuwa na mwisho wake. Ndani yake palikuwa na somo la kufuga kuku. Aligundua mchana wa onyesho la kwanza, watu wameshawekeana viti, akaona haya kuwarudisha majumbani. Kwa hiyo mkanda wa pili ulipoisha alizima projekta, akachukua tochi yake ya kazini, akasimamisha ngazi ya aluminiamu mbele yake, na kofia yake ngumu akaipandisha taratibu kidato kwa kidato. Kivuli cha vidato kwenye shuka kikawa ngazi za mahakama. Sie tulikuwa tumempa mgongo tunatazama shuka. Maneno aliyatunga palepale, na mwaka uliofuata akakosa pa kurudia nyuma.

Sikujua nicheke au nipige magoti. Yeye hakuwa akicheka. Aliniambia akiwa ameshika kibao chake chekundu kwamba mtu akijua umemdanganya kwenye mkanda ataanza kujiuliza kuhusu swichi, na kwamba hawezi kuondoka kiwandani Mzee Hashil akikumbuka kila mara aliyotia mkono kwa neno lake. Nikamshauri tumwambie Wilbert filamu imeharibika. Alinitazama vibaya, nikarudi kwenye sabuni zangu.

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi korido. Filamu ikaenda, nzuri kupita tulivyoijua, weusi wake mzito na weupe wake unakata. Ikafika stesheni. Karani akazitazama tiketi mbili, akapanda treni. Treni ikaondoka, wakakumbatiana, na kituo kilichofuata polisi walikuwa wamewasubiri. Taa zikawashwa. Fujo ikazuka. Mzee Hashil alisimama akasema Wilbert ameuziwa bandia, yeye ameiona ya kweli kwa macho yake, na karibu ukumbi mzima ukawa upande wake. Ndugu zangu, ilikuwa rahisi mno. Mama Sekela angekaa kimya tu, tungemwamini yeye na kuikana filamu.

Mama Sekela aliinuka akaomba taa zizimwe. Alipita mbele yetu, hakwenda nyuma, na ngazi yake begani. Akatugeuzia uso, akasema: "Hii ya Wilbert ndiyo ya kweli. Yenu nilikuwa naitengeneza mimi." Akawasha tochi, akaisimamisha ngazi, akashika kofia ngumu. Safari hii tulitazama mikono yake, ina mishipa sasa. Kofia ikapanda kidato baada ya kidato. Nimesoma vitabu kuhusu filamu hizi, lakini sijaona popote giza na mwanga vikitii mtu namna ile. Alipofika juu aliishusha kofia, na nakuapieni nilimwona tena hakimu na miwani yake. Kisha akasema anaomba radhi, akazima tochi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Hashil alitoka bila kumuaga, na Mama Sekela alikunja ngazi yake peke yake. Nilimsindikiza hadi getini.

Ijumaa asubuhi, saa nne kasoro dakika chache, mtambo wa kukatia ulikwama. Wote mnajua, mlikuwepo. Mama Sekela akaenda kwenye swichi kama siku zote, akazima, akatundika kibao, akatia ufunguo mfukoni. Akarudi mpaka kwenye mtambo, lakini yale maneno mawili hakuyasema. Alimwambia Mzee Hashil akakague kwanza mwenyewe. Mzee Hashil hakugeuka hata kuitazama swichi. Alikunja shati, akatia mkono hadi kiwikoni, ule wenye vidole vifupi, akaanza kuchomoa sabuni iliyobana, huku akimuuliza Alhamisi ijayo nani atashika ngazi.

Mama Sekela, asante kwa kila mkono uliotoka mzima kwenye mashine zetu, na kwa giza ulilotufundisha kulitazama. Kule Kigamboni ulikojenga, tunakutakia afya, wajukuu wengi na mvua ya kutosha. Tochi umetuachia. Ngazi ataishika Mzee Hashil, ila ameweka sharti: uwe umekaa mbele, na wewe utupe mgongo.

Shamimu Kondo,
Idara ya Ufungashaji