Wilfred Setchell na Tuta Lisilo na Daraja

Tarehe 31 Oktoba Bwana Wilfred Setchell anastaafu, baada ya kuongoza matembezi yetu ya vinamasini kwa miaka thelathini na moja. Ofisi imeniomba niandike mazuri yake. Nimejitahidi.

Alianza kama mkata matete, akapandishwa kuwa kiongozi kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Sauti hiyo aliitumia kuwasimanga wageni: viatu vyao vipya, woga wao wa matope, na swali lao kwamba mbona huku hakuna vilima. Walilipa, wakasimangwa, na mwaka uliofuata wakarudi. Watu wa ajabu kweli.

Njia nayo alijifanya haijui. Nchi yetu ni tambarare, mnara wa kanisa la mjini Ely unauona kutwa nzima, hata kuku hapotei. Lakini kila Jumamosi Bwana Setchell alilipita daraja la mfereji bila kulivuka, akawapeleka watu juu ya tuta la kando yake hadi likawaishia, mkabala na nyumba ya Bi Maureen Feary, mjane wa mlinzi wa pampu ya kukausha vinamasi, ng'ambo ya mfereji. Hapo alisimama, akatazama, akakohoa, akailaumu ramani, kisha akawarudisha wote walikotoka. Alidhani hatujui anampenda. Katika nchi ambayo mbwa akiinua mguu anaonekana kutoka kijiji cha pili! Mwoga mwenye sauti kubwa namna ile sijapata kumwona.

Jumamosi iliyopita, katika matembezi yake ya mwisho, alitupeleka palepale. Bi Maureen alikuwa akianika shuka. Aliweka kapu chini.

"We Wilfred! Miaka yote hiyo unaniletea watu waje kunikodolea macho nikianika! Daraja umelipita huko nyuma, kama kawaida yako. Haya, Jumamosi ijayo utajificha nyuma ya nani? Chai iko jikoni, na siichemshi mara mbili."

Aligeuka, akatupita wote, akaenda mbio tusizowahi kuziona. Tulimfuata, na darajani alinisukumia fimbo yake, akavuka bila kuaga. Tulimtazama mpaka mlangoni, akainama kuvua viatu. Ofisini kwetu hajawahi hata kuvipangusa.

Bwana Setchell, ahsante kwa kazi, na kwa kutuchosha miguu bure. Tunakutakia maisha mema huko ng'ambo. Fimbo usiifuate; ukirudi upande huu, tutakutupa mferejini sisi wenyewe.