Farasi wa Yule Anayengojwa

Sikilizeni, wanangu, na kwanza kaeni. Wewe mkubwa, toka hapo mlangoni, umesimama kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Vuta kigoda ukae karibu na kichwa changu, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na hilo panga ulilolificha chini ya koti lilaze mapajani kama unaona aibu kuliweka sakafuni, nimekwisha kuliona. Mdogo, keti hapo miguuni. Na wewe mkwe wangu, usikae chini na tumbo hilo, chukua kiti, uwe karibu na mtungi. Najua nje ya lango kuna watu. Nasikia ngoma yao, nasikia hata vikohozi vyao, na najua wanangoja nini. Wangoje. Hata yule bwana wao hawezi kumtoa mtoto kwenye wosia wa baba yake, maana hao hao waliomvika shada la maua watamvua. Mtu haondoki katikati ya wosia. Aondokaye huondoka bila radhi. Kwa hiyo tulieni, nina mengi ya kusema na nitayasema kwa mwendo wangu.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na mmoja asiiguse bila wenzake kujua. Karakana, fuawe, koleo, nyundo zote na ile tanuri, hivyo ni vya dada yenu, na nisisikie neno. Yeye ndiye aliyeinama nami chini ya matumbo ya farasi, akapigwa nao mateke pamoja nami, wakati nyinyi mlikuwa mnaogopa kuchafua mashati. Mdogo, gari ni lako na wale farasi wawili wa kahawia ni wako; usiwapige, farasi hakumbuki kosa lake, hukumbuka fimbo yako. Na ule ugomvi wenu wa ukuta wa banda, nani aliujenga na nani aliusogeza, umenichosha miaka yote hii. Ukuta ni wangu, na leo naubomoa kwa mdomo. Mkiujenga tena, mtaujenga kwa aibu yenu.

Msiniulize dada yenu yuko wapi. Nimemtuma.

Sasa tuje kwa farasi mweupe, maana najua ndiye aliyekuleta hapa mbio, mkubwa wangu, si pumzi yangu. Sikukasirikii, mwana ni mwana. Ila nisikilize.

Babu yenu alinifundisha maneno haya kabla sijajua kufunga kamba ya kiatu, na yeye alifundishwa na baba yake. Maandiko yetu yanasema zama tulizomo ni zama za Kali, za nne na za mwisho, ambamo haki imebakiwa na mguu mmoja tu wa kusimamia. Ndani ya zama hizi mwenye mali ndiye huitwa mwungwana, mwenye nguvu ndiye huitwa mwenye haki, mtu hujulikana kuwa mtakatifu kwa nguo na nywele zake, na wezi huvaa mavazi ya wafalme. Giza likishajaa pomoni, ndipo Vishnu, Mlinzi wa ulimwengu, atakapozaliwa mara ya kumi, aitwe Kalki, katika nyumba ya mtu mwema kijijini Shambhala. Atapanda farasi mweupe, upanga mkononi, awaondoe wezi wale, kisha upepo uliougusa mwili wake utawavumia watu watakaobaki, na mioyo yao itatakata kama maji yaliyotulia mtungini. Hapo dunia itaanza upya, zama za kweli. Mimi nayaamini hayo kwa moyo wangu wote, na asije mtu akawaambia kwamba baba yenu alikufa bila kuamini.

Ndiyo maana katika banda letu hajakosekana farasi mmoja mweupe asiyepandwa wala kuvutishwa gari. Kila asubuhi hupigwa brashi, kwato zikirefuka hupunguzwa na kuvishwa viatu vipya, tandiko lake hupakwa mafuta lisikauke, ili mwenyewe akitokea asikute tunatafutana na hatamu. Akifa, mwingine hushika nafasi yake. Watu walitucheka sana. Walimwambia babu yenu, "Mzee, huyo mnamlisha bure." Naye akawajibu, "Hata wewe unalishwa bure, tena hakuna anayekungoja."

Umetazama dirishani tena. Tazama huku.

Sasa amekuja huyu wenu, anayesema yeye ndiye Kalki. Mimi namjua tangu alipokuwa mnadi sokoni, akiuza masufuria yaliyotoboka kwa sauti tamu mpaka mtu anafika nyumbani ndipo anaona tundu. Sikatai, Mungu anaweza kumwinua mnadi kama anavyoweza kumwinua yeyote. Lakini alipoingia chumbani humu, wewe ukiwa nyuma yake umebeba mwavuli wake, alisimama hapo ulipokaa, hakuniuliza hali, akasema, "Mzee, nimekuja kumchukua farasi wangu." Nikamwuliza, "Utakwenda naye wapi?" Akasema, "Mtaa wa chini. Zama mpya haziwezi kuanza uchafu ule ukiwa pale." Nikakutazama wewe, mwanangu, nione kama utashtuka. Ulitikisa kichwa kukubali.

Mtaa wa chini, kwa watengeneza ngozi. Watu waliolowa harufu ya kazi yao, ndiyo, na wanaosali kwa namna yao. Leo jua likifika utosini atashuka kwao, yeye juu ya farasi na nyinyi nyuma yake na mapanga, na amewaahidi watu kwamba farasi atatoka nyumba hii, kwa sababu mji mzima unajua farasi wa nyumba hii anamngoja nani. Wakimwona juu ya mgongo ule hawatauliza swali tena, watafuata tu. Bila farasi, yeye ni mnadi mwenye panga. Hilo analijua yeye na ninalijua mimi, na wewe ulipaswa kulijua kabla yetu sote.

Wazee wetu walizihesabu zama za Kali kwa malaki ya miaka, na zilizokwisha pita ni kama elfu tano tu. Mnadi wako ana haraka kuliko Mungu. Na farasi wa Kalki anaitwa Devadatta, yaani aliyetolewa na Mungu. Kalki hupewa farasi, haendi kumdai kwenye kitanda cha mgonjwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu wako ametembea mji mzima na ngoma.

Mkwe wangu, nipe maji. Kidogo. Asante, mama.

Mkubwa, unaukumbuka ule mkwaruzo kwenye tandiko, upande wa kushoto? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaupitishia kidole na kuniuliza, "Baba, tandiko lisilokaliwa limekwaruzwa na nani?" Nikakuambia ukikua utaambiwa. Mama yangu alituapisha tusiseme akiwa hai, majirani wasije wakasema farasi amenajisiwa. Yeye amekwisha kwenda, nami nipo njiani, basi leo umekua.

Ulikuwa umelala vibaya tumboni, ulitanguliza miguu. Mama yako alilia mpaka sauti ikamwisha, na mkunga wa mtaa huu akanawa mikono akasema yeye hawezi, labda yule mzee wa mtaa wa chini, mke wa mtengeneza ngozi, ndiye anayejua kugeuza watoto. Mvua ilikuwa inanyesha, farasi wetu wote walikuwa machimboni wanavuta mawe, na yule mama alikuwa na goti bovu, kilima hiki asingekipanda kwa miguu mpaka mmekwisha kufa wote wawili. Nikasimama uani nimeshika kichwa. Babu yenu akatoka bandani, yule yule aliyekuwa akinipiga kofi nikiegemea tu shingo ya mweupe, akaniambia, "Mtandike."

Nikamwambia, "Baba, huyu ni wa..."

Akasema, "Najua ni wa nani. Mwenyewe angekuwa hapa leo, unadhani angempanda kwenda wapi?"

Tukashuka naye. Babu yenu mwenyewe ndiye aliyempandisha yule mama, alimkamata kiunoni kama gunia la shayiri huku mama akimtukana, "Mzee, usinibane hivyo, nina mume mimi." Mfuko wake wa vifaa ulikuwa na kifungo cha shaba, nacho ndicho kilichokwaruza tandiko njia nzima, kwa kuwa alikuwa anatetemeka kwa woga. Ndiyo mara yake ya kwanza kupanda farasi, na ya mwisho. Akafika, akakugeuza, ukatoka wa buluu na umenyamaza, akakupulizia pumzi yake mdomoni mpaka ukalia. Pumzi uliyonayo kifuani, hiyo unayotaka kwenda kupigia kelele mtaa wa chini, wa kwanza kukupa alikuwa yeye. Hata tandiko lenyewe ni ngozi ya mbuzi waliyoilainisha wao. Ulidhani ngozi ile iliota ukutani?

Usiinamishe kichwa, sijamaliza. Tazama tumbo la mkeo. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na binti wa yule mama ndiye mkunga wa kule sasa. Mkeo amekwisha kwenda kwake mara mbili kwa siri, akaambiwa mtoto amelala kama ulivyolala wewe. Msimkasirikie mkwe wangu. Mimi ndiye niliyemtuma, na aliogopa kukuambia kwa sababu ya watu unaowaleta hapa nyumbani.

Ngoma imenyamaza? Hapana, naisikia bado. Masikio yangu ndiyo yanayokwenda na kurudi. Mdogo, jua limefika wapi? Limeingia kwenye kizingiti. Basi. Basi sasa inatosha, dada yenu atakuwa amefika.

Mkubwa, nyanyua blanketi hapa ubavuni. Taratibu, ni vizito. Vitoe uvihesabu. Ndiyo, ni viatu vya farasi, na unavijua, uliniona nikivipiga mwezi uliopita. Dada yenu aliving'oa alfajiri, akaniletea nivilalie, nami nimekumbatia chuma baridi tangu asubuhi kama mwehu. Farasi asiye na viatu halii kwenye mawe. Nilipowaambia sikilizeni, ndipo alipofungua mlango wa nyuma, magunia yamefungwa kwenye kwato, akashuka naye kwa uchochoro wa visima, na watu wako wote wamekodolea macho lango la mbele. Mlidhani mzee anapayuka. Nilikuwa namhesabia dada yenu hatua.

Kaa. Kaa, nimesema. Bado ni wosia.

Mweupe amefungwa mbele ya mlango wa mkunga wa mtaa wa chini, na tandiko lake mgongoni. Nimewaachia wao, mbele yenu na mbele ya Mungu, na ninyi ni mashahidi. Nenda kamwambie mnadi wako kwamba farasi yupo, hajafichwa. Akimtaka, ashuke kwa miguu yake, abishe hodi, awaombe wale aliotaka kuwafagia. Wakimpa, amepewa. Na kama kuna atakayeshuka na panga, ajue dada yenu ameketi kizingitini. Nilimwambia arudi akishafunga kamba, akanijibu, "Baba, farasi haachwi peke yake ugenini." Mnamjua. Hatoki pale. Kwa hiyo panga lako litaanzia kwake, mkubwa, kama litaanza.

Mtanisamehe, pumzi inakuwa fupi... Nyanyua mto. Hivyo.

Wewe sijakunyima. Yule mtoto wa mweupe, mweusi kama masizi, yule ambaye wote mnamwona hana faida, ni wako. Wewe si fundi, hujui, dada yako anajua, mimi najua: farasi mweupe huzaliwa mweusi. Unywele mmoja mmoja, kila mwaka, polepole, mpaka siku moja unaamka... unamkuta hivyo. Mpige brashi kila asubuhi. Usimpake chokaa ili watu wamwone upesi. Atakapotakata, wewe mwenyewe utakuwa na mvi, na hapo ndipo utakapojua kungoja ni kazi gani. Na kungoja si kusimama. Akija mtu mwenye goti bovu, na mahali fulani kuna mwanamke analia... mtandike. Usiniulize mimi, sitakuwepo. Mtandike tu. Ndiyo desturi ya nyumba hii, na ndiyo urithi, mengine yote ni mbao na chuma.

Mwili wangu muuchome kabla ya jua kuzama. Ngoma msilete, nimechoka na ngoma. Dada yenu aje kwanza... msianze bila yeye.

Mungu awalinde, wanangu. Awape watoto watakaowashinda kwa wema. Wewe mkwe, ujifungue salama, mikono ikupokee... ya binti wa yule aliyempokea mumeo. Mdogo, usiwe na deni la neno na kaka yako, liseme, limalizike. Radhi yangu ni yenu, wote watatu, aliye hapa na asiye...

Mdogo, fungua dirisha. Ah. Majani makavu, na mavi ya farasi. Si ule upepo, bado. Lakini ni mzuri. Ni mzuri...

Wanaita langoni. Wanakuita kwa jina, mkubwa, nasikia. Mimi siwezi kukuzuia tena, maneno yamekwisha. Ila mkono wangu umekuwa baridi. Nipe wako.

Si huo. Wa kulia. Huo wenye panga.